Pumziko la chomboni: Neno kwa Wakristo wakimya



Ndugu msomaji, katika kila usharika na kila parokia wapo waumini ambao ibada ikiisha hutokea mlango wa pembeni. Si kwamba mahubiri hayakuwagusa. Wamesali, wameimba, sadaka wametoa. Lakini wakiangalia foleni ya kushikana mikono pale mlangoni, mnada wa mikungu ya ndizi na kuku, kikao cha kamati ya harusi chini ya mwembe, na kila anayewasimamisha kuwauliza "mbona umeadimika?", wanahisi nguvu zinawaishia. Wangepata dakika kumi za kukaa bila kusemeshwa na mtu, wangerudi na kukaa hadi mnada uishe. Wasipozipata, wanashika njia ya nyumbani. Wengine Jumapili inayofuata hawaji, na hakuna anayejua sababu.

Majina tunayowapa yanafahamika. Anaringa. Anajisikia. Si mtu wa watu. Katika baadhi ya makanisa tunaongeza na jingine zito zaidi: huyo bado hajafunguliwa. Mtu anayesikia majina hayo kwa miaka mingi huishia kuyaamini. Anaanza kuomba toba kwa jambo ambalo si dhambi, na kujilazimisha kuwa mchangamfu mpaka siku anapochoka kabisa na kuacha yote.

Leo naomba niwatetee ndugu hawa, kisha na wao niwaambie neno. Ninachosema ni hiki: pumziko fupi katikati ya siku, la dakika tano au kumi mbali na maneno ya watu, si kiburi wala si upungufu wa imani. Ni jambo ambalo Bwana mwenyewe aliwaagiza wafanyakazi wake. Na kwa mtu mkimya, ni sehemu ya kuwapenda jirani zake.

Mkimya si lazima awe na haya

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Mwaka 1921 daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, Carl Jung, alichapisha kitabu kuhusu aina za nafsi za watu. Humo alitofautisha watu ambao nguvu za nafsi zao zinaelekea nje, kwa watu na vitu, na wale ambao zinaelekea ndani, kwenye fikra na tafakuri. Tangu hapo wataalamu wamejadiliana mengi juu ya jambo hilo, na wengi wetu tuko mahali fulani katikati. Lakini msingi wake unaonekana hata bila kusoma kitabu. Yuko mtu anayetoka kwenye sherehe akiwa amechangamka kuliko alivyoingia. Na yuko anayetoka kwenye sherehe hiyo hiyo, ambayo ameifurahia kweli, akiwa amechoka kama aliyeshinda analima.

Huyu wa pili ndiye ninayemwita mkimya. Haya ni hofu ya watu. Yeye hana lazima ya kuwa nayo. Anaweza kuwa mwalimu hodari, muuguzi anayependwa na wagonjwa, hata mchungaji anayehubiri ibada tatu kwa Jumapili moja. Tofauti yake ni kwamba kukaa na watu kunamtoa nguvu, na utulivu ndio unaomrudishia.

Biblia inawafahamu watu wa namna hii. Isaka anaonekana akitoka kwenda kondeni wakati wa jioni ili atafakari (Mwanzo 24:63). Mtoto Yesu alipozaliwa, wachungaji wa kondoo waliwaeleza watu habari walizozisikia, na Mariamu yeye aliyaweka mambo hayo yote moyoni mwake, akiyawaza (Luka 2:17-19). Injili haisemi kwamba wachungaji walikuwa na imani kuliko Mariamu kwa sababu walizungumza zaidi. Mungu aliwahitaji wa kutangaza na wa kutunza.

Sasa fikiria siku ya mwalimu mkimya wa darasa la pili lenye watoto themanini. Tangu saa moja na nusu asubuhi kuna anayemwita "mwalimu". Mapumziko ya saa nne anasahihisha madaftari huku mzazi anamsubiri mlangoni. Mchana katika ofisi ya walimu kuna mchango wa msiba, na ni lazima azungumze asije akaonekana hajali. Jioni ndani ya daladala anafungua simu, anakuta kundi la kwaya, la jumuiya, la ukoo, la kikoba na la kamati ya harusi, yote yana ujumbe, na katika mawili jina lake limetajwa. Anafika nyumbani, watoto wake wanamkimbilia, na neno la kwanza linalomtoka ni la kufoka.

Watoto hawajakosa kitu. Wamekuta mtungi umekauka. Gharama ya dakika kumi zilizokosekana mchana haikulipwa na shule, wala na kwaya. Imelipwa na wale anaowapenda kuliko wote, na hapo ndipo ninapoliona jambo hili kuwa la kiroho. Mtume Paulo anapotaja tunda la Roho anataja upole na kiasi. Mtu aliyekwisha kukauka anaweza kuvihubiri vyote viwili asubuhi na asiwe na hata kimoja jioni.

Safari fupi ya mashua

Tufungue Marko sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka kwenye huduma. Walikuwa wametumwa wawili wawili, wamehubiri, wametoa pepo, wamewapaka wagonjwa mafuta. Katikati ya habari hiyo Marko ameweka kifo cha Yohana Mbatizaji, kwa hiyo kuna ripoti ya kazi na kuna msiba. Na watu wanaingia na kutoka kwa wingi kiasi kwamba hata nafasi ya kula haipo. Ndipo Yesu anawaambia waje wao wenyewe, faraghani, mahali pasipo na watu, wapumzike kwa muda kidogo (Marko 6:31).

Tukisoma haraka tunadhani walipata likizo. Endelea mistari miwili mbele. Watu waliwaona wakiondoka, wakawatambua, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wakafika kabla yao. Yesu aliposhuka alikuta mkutano mkubwa unamsubiri. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha, na siku hiyo iliishia kwa kulisha wanaume elfu tano. Pale mahali pa faragha palipokusudiwa hapakuwa na faragha.

Basi wanafunzi walipumzika wapi? Walipumzika ndani ya mashua. Pumziko lote walilopata mchana ule lilikuwa safari yenyewe, kutoka ufuko mmoja hadi mwingine.

Na safari hiyo haikuwa ndefu. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita kama 21, na upana wake mkubwa ni kama kilomita 13. Kwetu sisi wenye Victoria, Tanganyika na Nyasa, hilo tungeliita ghuba. Wala chombo hakikuwa na nafasi ya kujinyoosha. Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji ya ziwa hilo, ilionekana kwenye matope mashua ya kale inayokadiriwa kuwa ya karne ya kwanza. Ina urefu wa mita 8 na kitu, na upana wa mita 2 na kitu. Hatuwezi kusema ndiyo waliyopanda mitume, lakini inatupa picha ya vyombo vya wakati ule. Weka watu kumi na watatu humo, na makasia yao, na tanga. Walibanana kama abiria wa daladala ya jioni.

Lakini walikuwa wamepumzika, kwa sababu kwa muda ule hakuna mtu aliyewadai kitu. Hakuna mgonjwa aliyewashika vazi. Hakuna aliyeuliza swali. Kilichosikika ni maji na makasia, na Bwana alikuwa pamoja nao.

Ndugu zangu wakimya, hapo pana faraja kubwa kwenu. Wengi tunangoja pumziko kubwa: likizo ya Desemba, wiki ya mafungo, siku ambayo watoto wote watakuwa kwa bibi yao. Likija, tumshukuru Mungu. Lakini mara nyingi likija linakuta mkutano umeshatangulia kufika. Mungu ametupa na pumziko jingine, la kati ya ufuko na ufuko, na hilo lipo kila siku. Anayevuka kwa kivuko kutoka Magogoni kwenda Kigamboni analo. Daraja lilifunguliwa mwaka 2016, lakini maelfu bado wanavuka kwa kivuko, na safari ni ya dakika chache tu. Kati ya watu mia kadhaa wasiokujua, hakuna anayekudai neno. Zima data, weka simu mfukoni, tazama maji. Hilo ni pumziko la mitume.

Pumziko lina ng'ambo

Najua kuna mzee wa kanisa anayesoma hapa na kutikisa kichwa. Atanikumbusha Mithali 18:1, inayomkemea anayejitenga, na Waebrania 10:25, inayotukataza kuacha kukusanyika. Ana haki ya kunikumbusha. Aya hizo ni Neno la Mungu, na mtu mkimya anazihitaji kuliko wengine, maana jaribu lake ni hilo.

Lakini tuzisome vizuri. Anayekemewa katika Mithali ni yule anayejitenga ili afuate matakwa yake mwenyewe, asitake kusikia shauri jema. Anayekemewa katika Waebrania ni yule aliyeacha kukusanyika na akafanya kuacha huko kuwa desturi. Aliyetoka nje dakika kumi kupunga upepo, kisha akarudi na kuketi na wenzake, hajaacha kukusanyika. Ametafuta nguvu za kuendelea kukusanyika.

Kipimo tunakipata kwa Yesu mwenyewe. Kule Kapernaumu mji mzima ulikusanyika mlangoni jioni, na alfajiri yake, kabla hakujapambazuka, alitoka akaenda mahali pa upweke kuomba. Simoni na wenzake walimtafuta, wakamwambia kwamba kila mtu anamtafuta. Hakuwakemea kwa kumsumbua, wala hakurudi Kapernaumu kwa sababu tu ya kutafutwa. Aliwaambia waende miji mingine, akaendelea na kazi (Marko 1:33-38). Luka anaeleza kwamba kujitenga namna hiyo nyikani na kuomba ilikuwa desturi yake (Luka 5:16). Na baada ya kulisha wale elfu tano, aliwaaga watu, akapanda mlimani peke yake, kisha usiku huo huo akawafuata wanafunzi waliokuwa wakitaabika kwa upepo ziwani. Kila mara alipoondoka, alirudi, na kurudi kwake kulikuwa na faida kwa mtu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "nimeondoka?", bali "nilirudi nikiwa nani?". Pumziko linalokurudisha kwa mume wako, mke wako, wanafunzi wako au wagonjwa wako ukiwa na uso wa kuwasikiliza, hilo ni la Mungu. Likikufanya kila mara utafute sababu ya kutokwenda msibani, kutomtembelea mgonjwa, kutopokea simu ya mama mzazi, basi si pumziko tena. Umeshuka ufuko usio na watu na kuificha mashua. Yesu alikuwa amechoka, lakini alipouona ule mkutano moyo wake haukufunga. Pumziko la Kikristo lina ng'ambo, na ng'ambo kuna watu.

Mtazame pia Eliya. Alikimbia, akamwacha mtumishi wake Beersheba, akaenda jangwani peke yake na kuomba afe. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimpa usingizi, mkate na maji, tena mara mbili (1 Wafalme 19:5-8). Lakini baada ya kumpumzisha na kusema naye kwa sauti ya utulivu, alimpa kazi ya kufanya na akampa Elisha. Hakumwacha pangoni.

Dakika kumi zinapatikana wapi?

Mtu ataniambia: maneno mazuri, lakini mimi nafanya kazi kwa watu na nyumbani tuko tisa. Dakika hizo nazitoa wapi?

Tuanze na kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Waajiri Wakristo, hilo liheshimuni, na kwa dada wa kazi nyumbani pia. Na wewe mfanyakazi mkimya, usiitumie saa yote kwenye meza ya mazungumzo kwa kuogopa kusemwa. Kula na wenzako dakika arobaini, ucheke nao. Zile ishirini zilizobaki zunguka jengo kwa miguu au keti chini ya mti. Simu isiwe pumziko lako. Kundi la WhatsApp ni mkutano, hata kama umekaa peke yako.

Yesu mwenyewe alipumzika mchana kazini. Injili ya Yohana inasema alikuwa amechoka kwa safari, akaketi kando ya kisima, ilikuwa yapata saa sita, na wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula (Yohana 4:6-8). Akiwa hapo alikuja mwanamke mmoja Msamaria, na mazungumzo yao ni kati ya marefu zaidi katika Injili. Mtu mkimya aliyepumzika mara nyingi ana karama hiyo: hawezi mkutano, lakini anaweza mtu mmoja, na humsikiliza hadi mwisho.

Nyumbani ni vigumu zaidi, hasa kwa akina mama. Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley wa Uingereza, alizaa watoto 19, na tisa kati yao walikufa wakiwa wachanga. Nyumba ilikuwa imejaa, na fedha zilikuwa za shida. Inasimuliwa kwamba alipotaka kuwa peke yake na Mungu alijifunika aproni yake kichwani, na watoto walijua kwamba kwa muda huo mama hasemeshwi. Mama wa Kitanzania hana haja ya aproni, kanga anayo. Kaa kwenye mkeka uani, jifunike kanga yako, waambie watoto: mama yupo na Mungu, mshale mrefu ukifika namba fulani nitawasikia. Mara ya kwanza hawatanyamaza. Baada ya wiki mbili watajua.

Kwa anayerudi jioni, shuka kituo kimoja kabla ya chako kama usalama unaruhusu, utembee. Mwenye gari azime injini na redio, akae dakika tano kabla ya kupiga honi getini. Mwambie Mungu mambo matatu ya siku hiyo, kisha uingie. Anayekwenda kwenye harusi au semina ya siku nzima atoke kila baada ya saa moja na nusu, asingoje hadi achukie watu.

Na jambo hili liseme wazi. Kwetu, kimya kina maana nyingi, na mwenzio akiachwa abahatishe atachagua ile mbaya. Mke mchangamfu aliyemsubiri mume mkimya siku nzima anastahili kuambiwa: "Mama Neema, nipe dakika kumi nikae hapo barazani, kisha nakuja unisimulie yote." Kisha, baba, uende kweli. Ukisema kumi zikawa saa mbili mbele ya televisheni, siku nyingine usitegemee kuaminiwa.

Wazazi nao wamwangalie mtoto anayejificha chumbani wageni wanapojaa. Asalimie, ndiyo, amkie wakubwa kama alivyofundishwa. Akishasalimia, mwacheni akapumue kidogo. Msimtangaze mbele ya wageni kwamba ana haya au ana roho mbaya. Maneno hayo huota mizizi.

Kanisa lifanye nini?

Kanisa lilijua jambo hili zamani. Wakatoliki wanasali sala ya Malaika wa Bwana mara tatu kwa siku: asubuhi, saa sita mchana na jioni. Kengele ikilia, jembe husimama. Katika abasia za Wabenediktini kama Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, na Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906, siku imegawanywa kwa vipindi vya sala, na katikati ya kazi za karakana, shule na hospitali watawa huacha walichoshika wakaenda kusali. Kabla ya hao wote, Danieli alisali mara tatu kwa siku akiwa mtumishi mkubwa wa serikali (Danieli 6:10), na Petro alipanda juu ya nyumba kusali saa sita mchana (Matendo 10:9). Kukatiza siku kwa utulivu ni mali yetu, na tumeacha itupotee.

Nina mapendekezo matatu kwa viongozi wa makanisa. La kwanza, fungueni milango mchana. Makanisa mengi ya mijini yanajengwa kwa michango mikubwa, kisha yanafungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu. Nafahamu sababu: vyombo vya muziki vinaibwa. Lakini mzee mmoja mstaafu akikaa mlangoni kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, muuguzi, karani na mama lishe watapata mahali pa kuketi dakika kumi bila kununua kitu na bila kuulizwa jina. Kusiwe na ratiba, kipaza sauti wala mahubiri. Parokia zenye kikanisa cha kuabudu Ekaristi tayari zinafanya hivyo, na wengine tunaweza kujifunza kwao.

La pili, ndani ya ibada tuwe na kimya. Baada ya mahubiri, dakika mbili tu, kinanda kinyamaze na mchungaji anyamaze. Kuna watu ambao Neno linawaingia hapo. Na tupunguze kuwalazimisha watu. "Mgeukie jirani yako umwambie" mara saba katika hubiri moja ni kazi nzito kwa baadhi ya waumini. Mgeni anayesali nasi mara ya kwanza apewe hiari ya kusimama au kukaa. Akisalimiwa na mtu mmoja kwa upole atarudi.

La tatu, tusipime roho kwa sauti. Anayepaza sauti kwa furaha anampendeza Mungu, nasi tusimkataze. Anayeketi nyuma akifuta machozi kimyakimya anampendeza pia. Katika kugawa huduma, tuwakumbuke wakimya kwa kazi wanazoziweza: kumtembelea mgonjwa mmoja, kumsikiliza mfiwa baada ya matanga kuanuliwa, kuandaa meza ya Bwana. Na tusimsahau mchungaji mwenyewe. Wachungaji wengi ni watu wakimya, na kati ya ibada ya kwanza na ya pili tunawapangia watu watano wa kuwaona ofisini. Wapeni dakika hizo wakae peke yao. Mtaona tofauti katika ibada ya pili.

Ndugu msomaji uliye mchangamfu, unayepata nguvu kwa watu, usidhani leo nimekuacha. Wewe ndiye unayeweza kumsaidia mwenzako kuliko mimi. Ukimwona ametoka nje kwenye sherehe, usimfuate kumrudisha kwa kumshika mkono. Mtunzie kiti chake. Akirudi, msogezee soda, endeleeni.

Na wewe mkimya, juma hili chagua mashua yako moja: kivuko, benchi, kanga, au mwendo wa kituo kimoja. Dakika kumi kila siku, hadi Jumamosi. Kisha watazame walio nyumbani, uone kama wamepata mtu mwingine.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyewaona mitume wako wamechoka kabla hawajasema, tuone na sisi. Tupe pumziko la kututosha leo, na moyo wa kushuka ufukoni tukiwahurumia tutakaowakuta. Amina.